Mashitaka Yaliyopita kwa Mshitakiwa

Wametusimulia waliotutangulia, nami nawasimulia kama nilivyopokea kwa mwalimu wangu, Mola amrehemu, kwamba zama hizo palikuwa na mji mkubwa, na katika mji huo palikuwa na ofisi ya liwali iliyoitwa Diwani ya Barua. Ukitaka ruhusa ya kuchimba kisima, unakwenda diwani. Daraja limevunjika, diwani. Walikaa humo waandishi kumi na mmoja, kila mtu na kijimeza chake, na juu yao mkuu mmoja aliyeitwa Fakhri bin Shaddadi.

Huyu Fakhri, jamani! Kwa kazi alikuwa hodari, tusimdhulumu. Miaka kumi na tisa hakuna barua yake iliyorudi kutoka kwa liwali kwa kosa, hata la nukta moja, na jambo hilo alilisema kila siku, mpaka misibani. Lakini kwa watu! Mwandishi akikosea neno, humjia kubadhi la ngozi kutoka upande wa pili wa chumba, na mkuu alikuwa na shabaha. Kisha aliyepigwa hutakiwa aliokote, alipanguse vumbi, amrudishie bwana kwa mikono miwili na kusema, "Ahsante, bwana, nimefundishika." Mgeni akiuliza, huambiwa mkuu wetu ni mkali kidogo. Mkali kidogo! Nyinyi mnaofanya kazi serikalini, mbona mnatazama mkeka?

Miongoni mwa waandishi alikuwamo mmoja aitwaye Zuhairi, mwenye hati nzuri kuliko wote, ila Mola alimpa kigugumizi. Fakhri akaona hapo pana burudani. Kila Alhamisi alimpandisha juu ya kigoda amsomee majina ya barua zinazotoka, na akikwama neno, anamrudisha mwanzo. Diwani nzima ikicheka. Zuhairi akashuka kigodani mara ya mwisho, akaenda zake nyumbani, wala hakurudi. Ikasemwa ana homa.

Sasa, sheria ya diwani ilikuwa hivi: mwandishi asipoonekana siku arubaini, jina lake hufutwa, na nyumba aliyopewa na diwani hurudi diwani. Zuhairi alikuwa na mke na mabinti wanne ndani ya nyumba hiyo, na siku thelathini na nne zilikuwa zimekwisha kupita.

Alikuwamo pia katika waandishi hao mja mwema aitwaye Sheikh Kudama bin Hilali. Huyu alijulikana mji mzima kwamba hasemi uongo, si mkubwa si mdogo. Ukimuuliza umeamkaje, husimama akafikiri kwanza, ndipo akujibu, na jibu lenyewe huwa refu. Mkewe, Bi Raihana, aliacha zamani kumuuliza kama mchuzi umekolea.

Siku hiyo ya thelathini na nne Bi Raihana alirudi kutoka kwa mke wa Zuhairi, akaketi bila hata kuvua shela.

"Homa gani hiyo ya mwezi mzima na ushei, Sheikh wangu?" alisema. "Yule hana homa. Ana aibu. Amejifungia chumbani, haongei hata na wanawe. Wewe ulikuwepo hapo kigodani?"

"Nilikuwepo."

"Ukafanya nini?"

Sheikh Kudama akatamani angekuwa mtu wa kawaida, walau kwa dakika moja. "Nilicheka," alisema.

 Bi Raihana aliinuka akamletea wino na kalamu, akaviweka mbele yake, akaenda zake jikoni.

Basi Sheikh akaandika mashitaka. Na hapa ndipo penye kioja, maana liwali alikuwa ametoa amri njema kabisa, kwamba kila mtumishi aliyeonewa au aliyeona mwenzake akionewa ashitaki bila ya khofu, kwa maandishi, barua ipitie kwa mkuu wake na ipigwe muhuri. Kwa mkuu wake! Naona mnacheka. Kwenu inapitia kwa nani?

Na desturi ya diwani ilikuwa kwamba hakuna barua inayotoka mpaka isomwe kwa sauti. Mwandishi husoma, wawili hufuatiliza katika nakala, na mkuu husikiliza akisahihisha kwa mkono wake pembeni. Kisha ndipo muhuri. Kwa hiyo siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, Sheikh Kudama alisimama mbele ya Fakhri na barua inayomshitaki Fakhri.

Kwa bahati, au sisi tungeiita bahati, Fakhri alikuwa amelala. Alikuwa amekula zabibu nyingi, kichwa kimeangukia kifuani, na muhuri uko juu ya mto ubavuni mwake. Mwandishi mmoja aitwaye Humaidi akamnong'oneza Sheikh, "Soma haraka haraka, mimi nigonge muhuri. Tutasema ilisomwa mbele yake. Si iko mbele yake?"

"Mbele yake, ndiyo," Sheikh akasema. "Lakini yeye hayupo."

"Sheikh, nakuomba kwa heshima ya mama yako!"

Sheikh akainama, akamgusa mkuu begani. "Bwana Fakhri, amka. Kuna barua, na inakuhusu."

Humaidi akajifunika uso kwa kilemba.

Fakhri akafumbua jicho moja. Kichwani bado ana usingizi, ila masikio yake yalikuwa yamezoea kazi. "Soma," alisema.

Sheikh akasoma. "Kwa liwali mtukufu, baada ya salamu. Mimi Kudama bin Hilali nashuhudia kwamba mkuu wetu, Fakhri bin Shaddadi, huwadhalilisha walio chini yake. Katika mwezi wa Rajabu alimrushia Humaidi kubadhi, likampiga begani."

"Sikioni," akasema Fakhri.

Wale wawili wenye nakala wakainua nyuso.

"Andika sikioni! Toka lini mimi nikalenga bega? Humaidi, ilikuwa wapi?"

"Sikioni, bwana," akasema Humaidi ndani ya kilemba.

"Umeona? Lete kalamu." Akasahihisha pembeni kwa hati yake nzuri. "Endelea."

"Alimsimamisha mwenzetu Zuhairi juu ya kigoda mara tatu, akamfanyia mzaha kwa kigugumizi chake, nasi tuliokuwepo tukacheka, na mimi nikiwemo."

"Mara tatu? Mara tano! Wewe Kudama, unaandikia liwali vitu vya kukisia? Na weka hapo kwamba ni kila Alhamisi. Barua isiyo na siku ni barua gani?" Akaandika tano, akaandika Alhamisi, akapuliza wino ukauka.

Wakaenda hivyo mpaka mwisho, mstari kwa mstari, masahihisho manane, yote kwa mkono wa mshitakiwa. Alipomaliza aliinyanyua barua, akaitazama kwa mapenzi. "Hii sasa ni barua safi," alisema. "Inakwenda kwa nani?"

"Kwa liwali, bwana."

Ndipo usingizi ukamtoka wote. Uso ukabadilika rangi, mkono ukashuka mguuni kulifuata kubadhi. Waandishi wote wakainamia vijimeza vyao kama mnavyoinama nyinyi mkiona bosi anakuja.

Sheikh hakuinama. Alikuwa anatetemeka, na alisema hivyo. "Bwana, naogopa sana, unaniona. Ukinipiga nitaliokota nikuletee. Lakini Zuhairi amebakiwa na siku tano. Na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba barua iliyosahihishwa na mkuu, ikizuiwa, huandikwa daftarini kuwa imezuiwa kwa kosa."

Fakhri akasimama na kubadhi mkononi. "Kosa? Katika barua niliyoisahihisha mimi?"

"Ndivyo itakavyoandikwa, bwana."

"Miaka kumi na tisa!"

"Miaka kumi na tisa, bwana."

Akaitazama barua, akautazama muhuri, akaitazama barua. Subhanallah, kiburi kina mambo. Mtu huyu angeweza kuichana ile karatasi akabaki na cheo chake, lakini kuandikwa kosa hakuweza. Akaketi, akaukamata muhuri, akaugonga kwa nguvu mpaka wino ukaruka. "Hakuna kosa katika diwani yangu!" alisema. Mjumbe wa liwali, aliyekuwa akingoja mlangoni, akaichukua barua pamoja na nyingine, akaondoka.

Liwali alipoisoma alicheka mpaka akashika mbavu. Alipofika kwenye habari ya kigoda hakucheka tena. Siku ya tatu akamwita Fakhri.

"Mwandiko huu wa pembeni ni wako?"

"Ni wangu, bwana."

"Kuna neno humu lisilo kweli?"

Fakhri akaikagua barua juu mpaka chini, naye jasho linamtoka. "Hakuna, bwana. Nimeihakiki mwenyewe."

Basi akavuliwa ukuu, akapelekwa viungani kuandika vibao vya visima, kazi ya mtu mmoja, asiwe na yeyote chini yake. Na inasemekana vibao vile havikuwa na kosa hata moja. Jina la Zuhairi likaachwa mahali pake, na liwali akaamuru kwamba tangu siku hiyo mashitaka ya watumishi yapelekwe kwake moja kwa moja.

Sheikh Kudama hakutaka mjumbe aipeleke habari. Akaenda mwenyewe, siku ya thelathini na tisa, akabisha hodi. Zuhairi akafungua, amekonda. Sheikh akamweleza yote, kisha akangoja shukrani. Nisiwafiche, alingoja shukrani, na yeye mwenyewe ndiye aliyelisimulia hilo baadaye.

Zuhairi akasema, na maneno yalimtoka kwa taabu, na Sheikh akamngoja mpaka mwisho. "Wa-wale wengine sikuwajali, Sheikh. Ni-nilipokuwa juu pale nilikuwa nakutazama wewe. Nikasema, Ku-Kudama hasemi uongo. Kama yeye a-anacheka, basi kweli mimi ni kichekesho."

Sheikh Kudama akaketi pale pale kizingitini, akalia, mtu mzima na ndevu zake. Zuhairi akamwacha alie. Kisha akaingia ndani, akavaa kilemba, akatoka, wakaongozana kwenda diwani.

Ndugu zangu, Fakhri ana hesabu yake kwa Mola wake, tumwachie. Mimi nasema na sisi tuliokuwa tumekaa kwenye vijimeza. Katika ofisi yako yupo mtu anayeonewa, na kila akionewa anakutazama wewe usoni, kwa sababu wewe ndiye anayekuona mwema. Barua ya mashitaka iandike, uipeleke panapostahiki, nawe utetemeke ukitaka. Lakini kabla ya barua, kesho asubuhi, nenda kwa mtu huyo ukamwambie kwamba ulicheka.