Maji ya Mwisho ya Ndiva

Hapo zamani, kabla mabomba hayajafika milima ya Upare, watu wa kitongoji kimoja walimwagilia mashamba yao kutoka bwawa moja la udongo. Bwawa hilo waliliita ndiva. Usiku lilijaa, asubuhi tundu lake lilizibuliwa, na kila nyumba ikapata zamu. Mwenye zamu ya mwisho aliliziba tundu kwa udongo na majani ya mgomba. Sheria ilikuwa moja: aliyeziba mwisho ndiye anayejibu.

Siku moja aliyeziba mwisho alikuwa Nambike, mjane mwenye watoto wawili. Aliziba, akakanyagia udongo kwa visigino, akaenda zake. Kulipokucha, ndiva ilikuwa tupu. Vyura walirukaruka kwenye tope. Na mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa mbelewele.

"Nambike! Umetuua!" alifoka Mzee Kangero, msimamizi wa ndiva.

"Baba, niliziba."

"Kumbe maji yamejizibua yenyewe!" mtu akadakia, na watu wakacheka kicheko kibaya.

"Niliziba. Mungu anaona."

Wakamkatia maji mpaka mavuno. Tena wakasema, atakayempa hata kata moja, naye atakatiwa.

Ndipo shemeji yake akaja na chungu kipya. Kwa desturi ya huko, aliyeonewa huvunja chungu mbele za watu, ili mkosaji na nyumba yake wamalizike kama vile vigae. Hakuna asiyeogopa chungu.

"Vunja, shemeji. Pigo moja tu, nawe utakuwa umesafishwa leo hii."

Nambike akakipokea, mwanawe mdogo amemshika kanga. Akakitazama. Kisha akakiweka chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Siwezi. Yesu aliwaombea waliompigilia misumari. Mimi nitawalaani watoto wa nani?"

"Basi ni wewe!" walipiga kelele. "Asiye na kosa anaogopa chungu kwa nini?"

Tangu hapo hata kanisani hakuna aliyekaa naye benchi moja. Lakini siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, Nambike alikuja na jembe, akazoa tope la mfereji usiompa maji.

"Anatafuta kuhurumiwa huyo," wanawake walisema, makusudi asikie.

Aliendelea kuzoa. Alilia nyumbani, watoto walipomuuliza watakula nini.

Jirani yake alikuwa Nakijwa, mama mwenye mtoto mgongoni. Kila zamu yake ilipofika, Nakijwa alitoboa ukingo wa mfereji kwa kisigino, maji yakapenya kidogo hadi kwa Nambike. Akasimama hapo hapo, kanga yake imefunika tundu.

"Umesimama nini?" Mzee Kangero alimuuliza siku moja.

"Nambembeleza mtoto, baba," alisema. Maji aliyobaki nayo hayakumtosha. Mahindi yake yakaanza kuwa njano.

Na palikuwa na Senkondo, baba wa mapacha wachanga. Yeye ndiye aliyezibua ndiva jioni ile, apate maji ya kufyatulia matofali ya chumba cha wanawe. Alipotaka kuziba, maji yakamshinda nguvu, akakimbia. Tangu siku hiyo hakuthubutu kuchukua zamu yake. Watu walidhani anahangaika na mapacha. Hakuna aliyemshuku. Lakini kila alipomwona Nambike akizoa tope, aligeuza uso. Siku moja, katikati ya msaragambo, akatupa jembe.

"Ni mimi! Mimi nilizibua! Mama huyu alikuwa na chungu mkononi na hakuvunja. Wanangu wako hai. Siwezi tena!"

Watu wakamrukia. Nambike akajitia katikati. "Mwacheni!"

"Na mimi nimekuwa nikimpa maji," Nakijwa akasema. "Nikatieni na mimi."

Mzee Kangero akaketi ukingoni. Chemchemi iliyoijaza ndiva ilikuwa imenywea. Mashamba ya wengine yalikwisha kukomaa. Matatu tu yalikuwa yanakauka, la Nambike, la Nakijwa na la Senkondo. Na maji ya ndiva yangeokoa shamba moja, basi.

Mzee akampa Nambike jembe pale mfereji unapogawanyika. "Tulikuonea, mwanangu. Elekeza wewe."

"Ni yako," shemeji yake akasema. "Wewe ulichagua kuvumilia. Watoto wako nani aliwauliza?"

"Mimi sidai," Nakijwa akasema, akimpigapiga mtoto mgongoni. "Ila sitadanganya. Kilichobaki shambani kwangu hakitatufikisha Krismasi."

Mke wa Senkondo akaja na mapacha, mmoja kila mkono. "Mume wangu angenyamaza, msingejua mpaka kiama. Na mimi sikuzibua kitu. Hawa hawakuzibua kitu. Maziwa yameanza kunikauka."

Senkondo hakuinua macho.

Tundu likazibuliwa. Maji yakaja, yakafika miguuni mwa Nambike, yakazunguka hapo yakitafuta njia. Akawatazama wanawe. Akamtazama Nakijwa. Akawatazama mapacha. Akainua jembe.

Mimi sitawaambia alipiga wapi. Ninyi mliosikiliza, semeni: je, maji yale yalistahili kwenda shamba la nani?