Kipaza Sauti cha Dapoya

Wahenga hawakuwa na kipaza sauti, wala hawakukihitaji. Walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, yaani kitu chema hutafutwa na watu, ilhali kibaya huwaandama watu mpaka wakinunue. Anayebisha na amuulize Edwige Toé wa Ouagadougou.

Edwige alikuwa mshika ufunguo wa zahanati moja nje ya mji. Kila siku saa moja kamili asubuhi alipaswa kuufungua mlango, na akina mama wenye watoto wachanga huwa wamekwisha kujipanga. Baiskeli yake kuukuu ilikuwa imemchelewesha mara mbili. Muuguzi mkuu alimwambia bila kupepesa macho, "Ukichelewa mara ya tatu, ufunguo nampa mwingine." Basi Edwige alichukua akiba yake yote, akaenda mtaa wa Dapoya kununua baiskeli.

Mashindano makubwa ya baiskeli yalikuwa yamekwisha juzi tu, na mji mzima ulikuwa bado umelewa mbio. Dukani kwa Prosper Bationo kipaza sauti kilinguruma tangu alfajiri. Mbele kabisa ilining'inia baiskeli ya mbio, nyekundu kama pilipili, tairi nyembamba kama ukanda, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume.

"Njia yangu ina udongo na mawe. Itafaa?" Edwige aliuliza.

"Itafaa? Madamu, itaruka juu yake! Ukiipanda hii, upepo wenyewe utakuomba njia!"

Nyuma ya duka, fundi Raogo Kafando alikuwa akikaza spoki. Ukutani kando yake ziliegemea baiskeli tatu za kijivu, zenye usukani ulionyooka, tairi nene kiasi, madigadi na keria. Mafundi waliziita chotara, kwa kuwa wepesi zilirithi kwa baiskeli ya mbio na subira kwa baiskeli ya mizigo.

Raogo alipomsikia mteja akimtajia Prosper jina lake, Toé, masikio yalimsimama. Huyu ni Msamo! Naye Raogo ni Mmossi, na makabila hayo ni watani tangu enzi za mababu. Wakikutana sharti watukanane, na kukasirika ni mwiko.

"We mtumwa wangu!" alimwita. "Achana na hiyo nyekundu. Msamo na mbio wapi na wapi? Ninyi mnakimbilia kichwa cha mbwa tu kikiwa chunguni. Chukua hii ya kijivu."

"Nyamaza, mtumwa wa babu yangu! Tangu lini Mmossi akamtakia Msamo mema? Unataka niende kazini juu ya punda wa bati?"

"Nasema kweli, dada. Ile njia yako..."

"Mmossi kusema kweli! Leo mvua itanyesha kiangazi!"

Watu waliangua kicheko. Edwige naye alicheka, akalipia ile nyekundu.

Kesho yake, lami ilipokwisha, kicheko nacho kilikwisha. Baiskeli ilimtikisa hadi meno yakagongana. Mwiba ulitoboa tairi ya mbele, jiwe likapinda rimu ya nyuma. Kwa kuwa haikuwa na keria, chakula alikifunga mgongoni, na mchuzi wa bamia ukamtiririka shingoni. Aliibeba baiskeli begani, akakimbia kilomita tatu zilizobaki, akafika saa moja kasoro dakika moja, akihema kama mvukuto. Muuguzi mkuu aliitazama saa, kisha akaitazama bamia.

Mchana Edwige alirudi Dapoya, baiskeli begani, macho mekundu kuliko baiskeli yenyewe.

"Bwana Bationo, nilikuuliza, ukaniambia itafaa!"

"Dada, hii ni ya lami. Wewe ndiye uliyeipeleka machakani. Kilichouzwa hakirudi."

"Ya lami! Jana nilikuwa madamu na baiskeli inaruka; leo ni dada na baiskeli ni ya lami?" Akakinyakua kipaza sauti. "Watu wa Dapoya! Mimi ni Edwige Toé, nanuka bamia! Mtu huyu ameniuzia mbio, nami mbio nimezibeba begani! Unga wangu ulibakiza dakika moja tu umwagike! Mwulizeni, yeye mwenyewe hupanda ipi kuja kazini?"

Vichwa viligeuka. Mlangoni ilisimama baiskeli ya Prosper. Ilikuwa chotara ya kijivu.

Wateja waliondoka mbele mmoja mmoja wakaenda nyuma ya duka. Prosper alilowa jasho. "Chukua chotara, madamu, ongeza na kengele, ila nirudishie kipaza sauti changu!"

Raogo alimletea chotara akicheka. "Nilikuambia, mtumwa wangu."

"Uliniambia kwa matusi!"

"Na aliyekuambia kwa heshima, si ndiye aliyekulaghai?"

Edwige alimpigia kengele sikioni, akaipanda chotara yake, akaondoka.

Jumatatu aliufungua mlango wa zahanati saa moja kasoro robo, chakula kimetulia juu ya keria. Kufikia Ijumaa chotara zote zilikuwa zimekwisha bila kuitiwa mtu. Ile nyekundu ilikuwa imening'inizwa tena mbele, rimu imenyooshwa kwa nyundo, na kipaza sauti kikiapa kwamba haijawahi kupandwa na mtu. Kweli, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.