Mzigo wa Lango la Mkwaruni

Hapo zamani, katika mji mdogo wa Mkwaruni, alitawala Sultani Badi, ambaye hakupata kukanyaga njia tangu siku aliyotawazwa. Alibebwa katika kiti cha mpingo na wapagazi ishirini, na mbele yao wapiga siwa wawili, wakipuliza pembe zao kuwatimua kuku. Basi ikawa misafara ya chumvi ikapata njia fupi kwingine, mapato ya mji yakashuka hadi reale mia mbili kwa mwezi. Mchele nao ukapanda bei, mafuta yakapanda, matumizi yakafika mia tatu.

Sultani akatuma mpiga mbiu sokoni: "Enyi watu, sikieni! Anatakiwa mtu wa kusawazisha mapato na matumizi kabla ya mwezi kwisha. Kodi mpya isitungwe, wala matumizi ya jumba yasiguswe, hata ujira wa mtu anayewapepea tausi. Asipopatikana, kisima cha mji kitauzwa."

Chande, msokota kamba fukara, akacheka kwa sababu ya wale tausi. Akakamatwa pale pale, akapelekwa mbele ya Sultani.

"Umecheka," akasema Sultani, "basi dawa unaijua. Ukishindwa, utahama mji huu wewe na mkeo."

"Ewe bwana wangu, mimi huhesabu kwa vidole, na kimoja kina jeraha."

"Hesabu kwa vilivyobaki."

Chande akarudi nyumbani, akasimulia yote. Mkewe, Binti Mfaume, akamwuliza, "Umekatazwa kodi mpya. Za zamani je, umezisikia zote?"

Basi Chande akaenda kwa waziri, akasomewa sheria za mji tangu adhuhuri hata alasiri, akisinzia. Ghafula akafumbua macho. "Hiyo, bwana waziri. Rudia hiyo."

Asubuhi akaketi langoni na kikapu. Jumba lilikuwa kilimani, nje ya lango, na Sultani akateremka kwa siwa na vumbi, waziri akimfuata. Chande akanyoosha mkono.

"Mzigo. Reale moja."

"Mzigo gani?"

"Sheria ya marehemu babu yako yasema, kila kipitacho langoni mabegani mwa watu ni mzigo, na mwenyewe alipe reale moja kuingia na moja kutoka. Nimetazama sana, bwana wangu. Hukanyagi chini."

Wapagazi wakauma midomo, maana wakicheka kiti kitaanguka.

"Waziri, mlipe kutoka hazina!"

"Hazina haijilipi, bwana," akasema Chande. "Sheria yasema mwenye mzigo."

"Na mwenye mzigo ni nani?"

"Hapo nami nilitatizika. Mzigo ni wewe, na mwenyewe ni wewe."

Sultani aliona haya kuifuta sheria ya babu yake, akalipa kwa fedha yake mwenyewe. Akalipa akienda msikitini mara tano kwa siku, akalipa akirudi. Ijumaa sanduku lake likawa tupu. Akatoa pete.

"Sina cha kukurudishia, bwana," akasema Chande, akiirudisha ile pete.

Adhana ikaita. Sultani akatazama juu, akatazama chini, kisha akateremsha mguu mmoja taratibu, kama mtu aingiaye maji asiyoyajua, na wa pili ukafuata.

"Pita, bwana wangu," akasema Chande. "Mtu hatozwi."

Sultani akaenda, akafika msikitini, akageuka ameduwaa. "Hatua sitini! Nami nilidhani ni safari!"

Tangu siku hiyo akakikataa kile kiti, na wale wapagazi akawapa shamba la jumba walime, wale jasho lao. Kumbe kiti kile na watu wake ndio waliokuwa wakila reale mia kila mwezi. Waziri akahesabu mara tatu: mia mbili kwa mia mbili.

"Nilikukataza usiguse matumizi yangu!" akasema Sultani.

"Sikuyagusa, bwana. Wewe ndiwe uliyeshuka."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamfunika macho. "Chande, kuanzia leo wewe ni mtunza hazina. Wataka mshahara gani?"

"Bwana wangu, ukinipa hata reale moja, matumizi yatakuwa mia mbili na moja."

Sultani akafikiri, kisha akaamuru Chande alipwe reale kumi kila mwezi kutoka katika mshahara wa waziri. Baraza zima likacheka, isipokuwa waziri.