Birika la Baiti Naimu

Katika zama za Sultani Ghalibu bin Midhati, aliyetawala mji wa Zumaridi, palikuwa na nyumba ya wageni iitwayo Baiti Naimu, mwendo wa siku tisa jangwani, na mwenyewe alikuwa jini, jina lake Sharkhabi. Humo mgeni hakulipa kitu, na maji ya hamamu yaliujua mwili wake, yakapoa au yakapata moto kabla hajasema, na kitanda kiligeuka chenyewe kufuata upepo, na chakula kilikuja na ladha ya jiko la mama yake. Lakini waliorudi kutoka huko walikuwa wachache.

Tajiri Shamhuni bin Wadaa alikwenda huko kumtafuta mdogo wake, Zaharani, aliyekwenda asirudi, kwani mama yao, Bi Raifa, alikuwa kitandani hajiwezi, na hakuwa na neno ila kumwulizia mwanawe huyo.

Sharkhabi akampokea kwa heshima, na chakula kikaandaliwa, na mtumishi akaja na birika na bakuli la kunawia. Alikuwa Zaharani.

"Mdogo wangu, ni mimi, Shamhuni."

"Wageni hunipa majina mengi, bwana. Nyoosha mikono, maji yanapoa."

Shamhuni akamgeukia jini. "Umemfanya nini?"

"Sikumfanya kitu. Alipapenda, akakaa hadi siku ya nne, na anayefika siku ya nne hushika birika. Anayenawishwa huenda apendapo. Mwenye birika hubaki."

"Na mwenye birika akinawishwa?"

Jini akacheka. "Miaka mia saba sijaona mgeni wa kumnawisha mtumishi. Na birika halikai bila mkono, tajiri. Ulielewe hilo."

Shamhuni akalielewa. Akakumbuka kwamba nyumbani kwao, tangu utotoni, Zaharani ndiye aliyemnawisha yeye, kama ilivyo ada ya mdogo kwa mkubwa, na yeye hakumnawisha hata siku moja. Akalitwaa birika, akammiminia.

Zaharani akashtuka kama aliyeamshwa. "Kaka, mbona waninawisha wewe? Mimi ndiye mdogo."

"Nawa tu. Mama anakungoja."

"Basi twende sote."

Shamhuni akamtazama kwa adabu, kama amtazamavyo mtu asiyemjua. "Nyoosha mikono vizuri, bwana. Maji yanapoa."

Zaharani akarudi peke yake, na Bi Raifa akamwona, akafa siku ya tatu. Zaharani akarithi mali yote, akaozwa Mwana Nuzha, binti wa waziri. Siku ya karamu, birika lilipoletwa, akalishika yeye, akawanawisha wote, wakubwa kwa wadogo.

"Bwana harusi kageuka mtumishi," wakamtania.

Akammiminia aliyefuata. Nawe msomaji, ukikaribishwa mahali ambapo kila raha ni bure, mtazame usoni anayekumiminia maji.