Bilauri ya Kwaya ya Mwalimu Mbonea

Hii nilisimuliwa na shangazi yangu, nami naipitisha kwenu mlioimba kwaya enzi za kanda na majoho ya kushonesha. Ukimaliza kuisoma, mpelekee mwenzako.

Milimani huko Upareni palikuwa na kwaya ya Mwalimu Mbonea. Kabla ya kuimba, bilauri kubwa ya maji ya vuguvugu yenye tangawizi na asali ilizungushwa. Wote walinywa humo humo, kuanzia sauti ya kwanza hadi besi, na mwalimu akamalizia. Aliyeipitisha bila kunywa alihesabiwa kuwa ana kinyongo na mwenzake, na wimbo haukuanza mpaka wapatanishwe.

Ulikuwa utaratibu mtamu, jamani. Ugomvi mwingi wa mipaka ya mashamba na wa maneno ya kisimani uliishia kwenye bilauri ile. Siku hizi watu wanakutana kanisani mwaka mzima na hawajuani majina.

Basi Mwalimu Mbonea akastaafu, akawa anarudi kwao, mbali sana. Jumapili ya kumuaga, kwaya ingeimba wimbo alioutunga mwenyewe. Aliwaomba jambo moja tu.

"Wimbo huu nimeusikia kwa miaka mingi nikiwa nimesimama mbele yenu, mikono hewani," alisema. "Safari hii nataka kukaa kwenye benchi niusikie kama wanavyousikia watu."

Katikati ya wiki wakakutana kwa mazoezi. Naetwe, aliyezoea kuanzisha wimbo ule, alikuwa na mafua. Alisimama peke yake karibu na mlango, hakumpa mtu mkono. Bilauri ilipomfikia, akaipitisha.

Watu wakatazamana. Wiki iliyotangulia, kazi ya kuanzisha wimbo ilikuwa imehamishiwa kwa wifi yake, Ndekirwa. Kila mtu akajua, au akadhani anajua.

"Naetwe, mwanangu," Mwalimu akauliza, "una kinyongo na wifi yako?"

"Sina, Mwalimu. Nina mafua. Sitaki kuwapa wenzangu."

"Mafua?" akacheka mzee mmoja wa besi. "Hayo hata mtoto mchanga anayo. Sema ukweli, dada."

Ndekirwa akaanza kulia. Akasema kama ni hivyo, yeye haanzishi wimbo wowote.

Mwalimu akaitwaa bilauri, akampelekea Naetwe kwa mikono miwili. "Kunywa, mwanangu. Nisiondoke nikiwaacha mmegawanyika."

Mkubwa akikusihi hivyo utafanyaje? Naetwe akanywa. Makofi yakapigwa. Ndekirwa akamkumbatia, akina mama wakamshika mikono, mmoja akamfuta pua kwa upande wa kanga yake, kisha akajifutia machozi kwa kanga hiyo hiyo. Bilauri ikaendelea na safari yake mpaka kwa Mwalimu, naye akaimaliza. Shangazi anasema hajawahi kuona upendo kama wa jioni ile.

Jumapili kanisa likajaa. Mwalimu Mbonea alikaa benchi la mbele, amevaa suti yake ya kahawia. Ndekirwa akafungua kinywa, ikatoka sauti ya kukwaruza, kisha ikakatika. Sauti ya pili walikuwa wanakohoa. Besi walikuwa wameshika vitambaa puani.

Naetwe peke yake ndiye aliyekuwa amepona. Akapiga hatua moja mbele, akauimba wimbo wote, beti zote, bila wa kumsaidia. Alipomaliza, watu walikuwa wanalia waziwazi. Mwalimu naye alikuwa amemkazia macho, anatikisa kichwa taratibu.

Baada ya ibada Naetwe akamfuata. "Haukuwa na sauti zote nne, Mwalimu. Lakini angalau umeusikia ukiwa umekaa."

Mwalimu akaweka kiganja nyuma ya sikio. Ikabidi Naetwe arudie, kwa nguvu.

"Nimeona midomo yako tu, mwanangu," akasema kwa sauti iliyokauka. "Mafua yameniziba masikio tangu jana. Nawe ulituambia."

Kesho yake akapanda basi. Hakurudi tena milimani, na mwaka uliofuata wakapata habari za msiba wake.

Funzo: Mgonjwa akijitenga nawe kwa ajili ya afya yako, huo ndio upendo wenyewe, usimlazimishe athibitishe upendo wake kwa kukuambukiza.