Mitawanda Kwenye Njia ya Kisimani

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso, maana mwisho wa hadithi hii kuna kazi.

Mjini Mkunguni, enzi za Mzungu, walikuwapo wanawake watatu wazalia, wajukuu wa watumwa. Zafarani alijaliwa masikio. Siri ya chumba cha watu aliijua kabla ya mwenye chumba. Faida alijaliwa mikono. Ukimpa ukuni, anakupa mwiko. Sikujua alijaliwa miguu, na moyo wa kuifuata.

Kisima cha maji matamu kilikuwa mwisho wa mtaa wa waungwana. Utumwa ulishafutwa, ila mtaa ule haukupata habari: mzalia akipita, viatu mkononi. Asiyetaka azunguke kilimani, kwenye miba. Sikujua alikataa kuvua, akazunguka mpaka viatu vikaisha na nyayo zikawa madonda.

Zafarani alikuwa akipiga pasi kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya. Siku moja akasikia mudiri, mkuu wa mji na muungwana mwenyewe, akisomewa barua: njia ni ya Serikali, asishikwe mtu kwa alichovaa. Mudiri akaenda kuifungia kwenye mtoto wa meza. Mdomo wa Zafarani nao nani aufunge? Kabla ya adhuhuri Sikujua alishajua.

Apite na nini sasa? Mafundi hawakuwauzia wazalia mitawanda, viatu vya mti vya mabibi. Faida akachonga jozi kwa kisu cha jikoni, akajikata kidole, lakini ikalia kama ya mabibi wenyewe.

Asubuhi Sikujua akajitwika mtungi, akapita. Ko, ko, ko. Mabibi wale hukaa nyuma ya madirisha yaliyofungwa. Hujuana kwa mlio wa mitawanda. Mwana Esha, bibi mmoja wa mtaa ule, akadhani ni shangazi yake, akaita dirishani: "Shikamoo, mwana. Karibu kahawa."

Mnaniona nacheka? Bibi yake Sikujua alikufa akiwaamkia shikamoo hata watoto wa nyumba ile. Angeweza kujipitia kimya.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Kahawa siku nyingine, nawahi maji."

Mtaa mzima ukacheka. Askari akaja mbio, avue. Sikujua akamwambia taratibu, "Kamuulize mudiri ile barua aliyoifungia mezani." Mudiri akaulizwa, akakohoa, akasema mwanamke apite.

Tangu siku hiyo wazalia wote wanapita na viatu vyao. Lakini ulikuwa mwaka wa ukame. Mtungi wa kwanza ndio hupata maji safi, wa nyuma huchota tope. Wanawake wakaafikiana kwamba aliyefungua njia achote wa kwanza mpaka mvua inyeshe.

"Bila masikio yangu ungelala korokoroni," akasema Zafarani.

"Bila mikono yangu ungepita pekupeku," akasema Faida, "na pekupeku nani angekuamkia?"

"Na nilipokuwa napita," akasema Sikujua, "nyinyi wawili mlikuwa wapi?"

Zafarani akasema alikuwa nyuma ya mlango akimwombea dua. Jicho kwenye tundu la ufunguo, hilo hakulisema.

Basi mitungi mitatu iko ukingoni, ndoo ni moja, na foleni nyuma yao imeanza kunung'unika. Je, kamba ungeishika wewe, ungemtilia nani kwanza?