Bi Mize na Kata ya Manjano

Manjano hayapimwi kwa kata. Mmelisikia neno hilo hapa jikoni, mkauliza limetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Kisiwani Pemba alikuwako Bi Mize, fundi wa kusinga maharusi, yaani kuwasugua ngozi kwa singo mpaka ing'ae na kunukia. Tangu ujana wake alitwanga manjano, akayachanganya na manukato ya liwa na mawaridi, hata viganja vyake vikashika rangi isiyotoka. Ukipita mlangoni kwake mchana wa kipupwe, harufu ile ilikuletea usingizi mtamu.

Uzeeni magoti yakamwuma. Akaambiwa manjano hupunguza maumivu. Akatia kidogo kwenye maziwa, akaona nafuu. Akajisemea, ikiwa kidogo kimenipa nafuu, kingi kitanirudishia ujana. Akaacha kijiko, akashika kata ya kifuu, ile ya kuchotea maji mtungini. Asubuhi kata, jioni kata.

Ikawa anaishi kama aliye ndotoni. Hukaa barazani akauona ua mzima umegeuka dhahabu, na kuku wanapita polepole kama wanaelea. Njaa haisikii. Tumbo likimsokota na ngozi ikimwasha, husema dawa inafanya kazi. Majirani walipomwona amekuwa manjano mwili mzima hawakushangaa. Fundi wa singo yule, walisema, rangi imemwingia.

Siku moja akaja mdogo wake, Bi Chumu, kumjulia hali. Akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Dada, umejipaka manjano machoni?"

"Nani hupaka machoni, Chumu?"

"Basi mbona macho yako yamebadilika rangi?"

Maisha yake yote Bi Mize alijua kwamba singo hushika ngozi, haishiki weupe wa jicho. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu.

"Nimechoka, mdogo wangu," akasema taratibu. "Nilidhani ni raha, kumbe ni uchovu."

"Unakunywa kiasi gani?"

Akamwonyesha kata. Bi Chumu akaipokea, akaitazama, akakaa chini.

"Hii ni ya maji, dada. Manjano hayapimwi kwa kata."

Wakaenda hospitali. Daktari akasema ini limeumia, na kwamba angechelewa kidogo tu wangemzika. Akamkataza kunywa manjano tena. Bi Mize akaugua kwa muda mrefu, Bi Chumu akimlisha uji kwa mkono wake, mpaka weupe ukarudi machoni.

Magoti hayakupona. Akarudi kwenye kazi yake ya kusinga, akiinuka na kukaa kwa shida, na maharusi wakimwonea huruma huwaambia, "Yaacheni yaniume. Siku zile nilipokuwa sisikii maumivu ya magoti wala njaa, ndipo nilipokuwa nakwenda kaburini."

Kiungo kilekile kilichowapamba wengi na kunukisha vyungu vya watu kilikaribia kumwua aliyekijua kuliko wote. Basi mkimwona mtu amepata nafuu kwa chembe, naye anakimbilia pishi nzima, mwambieni mapema: manjano hayapimwi kwa kata.